Uzi maalumu: Umeme ukikatika wakati wa kipupwe, mtambaazi wako wa ndani atapata wapi joto?

Bandiko la 1: Guruguru_Mpole (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa ajili ya wenzangu wanaofuga watambaazi ndani ya nyumba, yaani mijusi, nyoka, vinyonga na kobe, mahali ambapo kipupwe huja na theluji na upepo unaoangusha nyaya za umeme. Kila baridi inapoanza maswali huwa ni yale yale, na majibu mengi hutafutwa gizani, simu ikiwa imebakiwa na chaji kidogo na mnyama akiwa ameshaanza kupoa. Afadhali tuyazungumze sasa ambapo umeme upo.

Nianze na jambo ambalo hata wafugaji wa miaka mingi hulisahau wakishikwa na taharuki. Mtambaazi hazalishi joto la kutosha mwilini mwake kama afanyavyo paka au sungura, bali hulipokea kutoka nje: kwenye taa, kwenye jiwe lililopashwa, kwenye mkeka wa joto ulio chini ya tangi. Mwanadamu akijifunika blanketi huona joto kwa sababu mwili wake ndio unaolipasha blanketi, wala blanketi lenyewe halina joto la kumpa mtu. Kwa hiyo ukimviringisha mjusi aliyekwisha kupoa ndani ya taulo zito, kitu pekee ulichokihifadhi ni ubaridi wake. Blanketi lina kazi yake, na kazi hiyo ni kuzuia joto ambalo tayari limo lisitoroke, ndiyo maana saa ya kwanza baada ya umeme kukatika ina thamani kuliko saa ya sita.

Niseme pia yaliyonikuta, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. Nina gekko wawili, jamii ya mijusi wadogo, wa aina ya Eublepharis macularius, wale wenye madoa kama ya chui, na chatu mmoja wa kifalme, Python regius. Usiku mmoja umeme ulikatika saa moja jioni. Nilichukua blanketi zito la sufi, nikalizungushia tangi la gekko pande zote na juu yake pia, kisha nikaenda kulala nikijiona mfugaji hodari. Saa tisa usiku umeme ulirudi. Nilichoamshwa nacho ni harufu ya sufi inayoungua, kwa kuwa taa ya joto ya wati 100 iliyokaa juu ya wavu wa tangi ilijiwasha chini ya blanketi. Nilipolivuta nilikuta duara la kahawia lenye upana wa kisahani, na nilipogusa katikati yake kidole kilipenya hadi upande wa pili. Gekko hawakudhurika hata kidogo, lakini mimi sikulala tena. Swichi niliiacha mwenyewe, hivyo sina wa kumlaumu. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa blanketi lolote ninachomoa kwanza plagi zote za taa na vipashio ukutani, na kuacha taa moja ndogo ya chumba ikiwa imewashwa swichi mbali na matangi ili inijulishe umeme unaporudi.

Sasa tuingie kwenye mada. Katika nyumba isiyo na umeme kuna kupoa kwa aina mbili ambako watu hukuchanganya. Tangi la kioo hupoa haraka mno, kwani kioo hupitisha joto na juu kuna wavu ulio wazi. Ndani ya saa moja au mbili joto la tangi hulingana na la chumba. Nyumba yenyewe hupoa polepole, na iliyojengwa vizuri huweza kukaa usiku mzima kabla haijafika kiwango cha hatari. Maana yake ni kwamba namba ya kuitazama ni ile ya chumba, na kipimajoto kinachotumia betri, chenye kukumbuka kiwango cha chini na cha juu, ni muhimu kuliko kifaa kingine chochote nitakachokitaja hapa. Mfugaji asiye na kipimajoto hubahatisha kwa ngozi yake, na ngozi ya mtu aliyevaa koti hudanganya.

Baridi ya usiku mmoja si msiba kwa kila mnyama. Gekko wangu waliokomaa na wenye afya huvumilia usiku wa nyuzi 17 au 18 za Selsiasi bila shida, na ndivyo alivyo mjusi mwenye ndevu, Pogona vitticeps, ambaye kwao jangwani usiku hupoa sana ingawa mchana huota jua la nyuzi 40. Nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, naye ni mstahimilivu. Gekko mwenye kope, Correlophus ciliatus, hupenda nyuzi 22 hadi 26, na ukimzidishia joto zaidi ya 28 kwa muda mrefu utamdhuru wewe mwenyewe kwa huruma yako. Chatu wa kifalme ni habari nyingine: yeye huhitaji mahali penye nyuzi 31 au 32, na akikaa siku kadhaa chini ya 24 njia yake ya hewa huanza kushambuliwa. Lakini kuliko aina, tazameni hali ya mnyama. Mnyama mchanga hupoa haraka kwa kuwa mwili wake ni mdogo. Mgonjwa hana nguvu ya kupambana. Jike mwenye mayai tumboni asingojeshwe. Na aliyekula jana yumo hatarini kuliko wote.

Hapo kwenye chakula nitakaa kidogo. Tumbo la mtambaazi husaga kwa msaada wa joto la nje. Joto likiondoka, usagaji husimama na chakula hubaki tumboni kikioza, na nyoka aliyemeza panya mzima huishia kumtapika. Ikiwa utabiri wa hali ya hewa unataja dhoruba, usimlishe nyoka wiki hiyo, na mijusi uwanyime chakula siku mbili kabla. Nyoka mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki nyingi bila kula, basi usimhurumie kwa kipimo cha tumbo lako. Umeme ukirudi, mpe siku moja au mbili za joto kamili kabla hujamfikiria chakula.

Sasa boksi. Msimamo wangu, ambao najua utapingwa, ni kwamba umeme ukikatika na chumba kikaanza kushuka chini ya nyuzi 20, usihangaike kulipasha tangi. Mhamishe mnyama. Tangi la lita 200 ni kama ukumbi. Unapoteza joto lote ulilonalo kuupasha ukumbi ambao mnyama anatumia kona yake moja tu. Mimi hutumia boksi la stairofomu, lile povu gumu jeupe na jepesi, lenye kuta za sentimita mbili na nusu, lililotobolewa matundu manne ya ukubwa wa kalamu karibu na mfuniko. Ndani yake naweka chombo kidogo cha plastiki chenye matundu, kilichotandikwa karatasi laini, na mnyama hukaa humo. Pembeni, kati ya chombo na ukuta wa boksi, nasimamisha chupa mbili za lita moja na nusu zenye maji moto, kila moja ikiwa imevalishwa soksi nene. Usiku chumba kilipokuwa na nyuzi 14, boksi lilinionyesha 27 mwanzoni na 23 baada ya saa nne, nikabadilisha maji.

Kwa wapenda hesabu, chupa ya lita mbili inapopoa kutoka nyuzi 40 hadi 20 hutoa nishati ya takriban watisaa 46, yaani sawa na balbu ya wati 46 iliyowaka saa nzima. Kwenye tangi la kioo nishati hiyo huisha upesi, lakini kwenye boksi dogo lenye kuta nene hukuvusha nusu ya usiku. Jaza themosi zote ulizonazo mapema, umeme ungalipo, maana baadaye unaweza kukosa hata mahali pa kuchemshia.

Vile vifuko vya joto vyenye unga wa chuma navyo vinafaa, ila vifahamuni kwanza. Hupata joto kwa sababu chuma hushika kutu kwa kasi kikitumia oksijeni ya hewa. Katika boksi lisilo na matundu, kifuko kitazimika kwa kukosa hewa, na kabla hakijazimika kitakuwa kimeshindania hewa hiyo na mnyama wako. Vilivyotengenezwa kwa kusafirishia wanyama hutoa joto la wastani kwa saa 40 au 72; vile vya kupashia mikono huwa vikali zaidi na huisha mapema. Chochote utakachotumia, kisimguse mnyama moja kwa moja. Watambaazi wana udhaifu wa ajabu: huweza kulala juu ya kitu kinachowaunguza tumbo bila kukikimbia, na jeraha likaonekana siku tatu baadaye.

Kila mnyama awe na chombo chake. Wawili waliozoeana katika tangi pana wanaweza kung'atana katika nafasi ya kiganja. Nyoka mwingize kwenye foronya safi iliyofungwa fundo, kisha foronya ndani ya boksi. Usimwogeshe mnyama maji ya uvuguvugu ukidhani unampasha, kwani akitoka na mwili mbichi katika chumba cha baridi, maji yanayokauka yataondoka na joto lake.

Nawasilisha. Karibuni kwa nyongeza na kwa kupinga pia.

Bandiko la 2: Mshumaa_Mmoja

Shukrani mleta uzi kwa andiko lililoshiba. Nina swali. Nimeona video nyingi zinazoonyesha mishumaa midogo minne ikiwekwa chini ya chungu cha maua kilichopinduliwa, na wanadai kwamba chungu hicho hupasha chumba kizima. Je, njia hiyo inaweza kutumika karibu na tangi? Na jiko la mkaa likiwekwa ukumbini, dirisha likiachwa wazi kidogo, kuna ubaya gani?

Bandiko la 3: Guruguru_Mpole

Mkuu, nianze na la pili kwa kuwa ndilo linaloua. Mkaa unapowaka ndani ya nyumba hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Februari 2021, dhoruba ya kipupwe ilipozima umeme kwa zaidi ya nyumba na biashara milioni nne katika jimbo la Texas nchini Marekani, watu walifariki majumbani, watoto wakiwemo, kwa sababu ya hewa hiyo: wengine waliwasha majiko ya kuchomea nyama ndani, wengine waliwasha gari ndani ya gereji. Usiwashe jiko la mkaa, usifungulie tanuri la gesi ili lipashe chumba, na jenereta ikae nje umbali wa mita sita au zaidi kutoka mlangoni na madirishani. Kwa vyovyote vile, kengele ya kaboni monoksaidi inayotumia betri iwepo nyumbani.

Kuhusu mshumaa, mmoja wa kawaida hutoa joto la takriban wati 80, ule mdogo pungufu ya hapo, na chungu hakiongezi hata wati moja juu ya hizo. Chungu hulishika joto lile lile na kulitoa polepole, hivyo mtu akikigusa hudhani amegundua tanuri. Tatizo ni kwamba mishumaa kadhaa iliyobanana chini ya chungu huweza kuyeyusha nta yote na nta hiyo ikashika moto kwa mpigo. Sasa fikiria hilo likitokea pembeni ya tangi lililofunikwa blanketi, nawe umelala. Kama jiko la gesi linawashika kwa kiberiti, lichemshie maji ya chupa ukiwa umesimama hapo hapo, kisha ulizime.

Bandiko la 4: Kobe_Mkongwe

Wanajamvi, nichangie upande wa kobe wa majini, kwa sababu wafugaji wengi wa kobe wenye mashavu mekundu, Trachemys scripta elegans, hukimbilia kumtoa majini mara tu umeme unapokatika, na mara nyingi hawana haja ya kufanya hivyo. Maji ndiyo ghala lenu la joto. Tangi lenye lita 200 likishuka nyuzi moja tu huwa limetoa takriban watisaa 230, na ndiyo maana hupoa taratibu kuliko tangi kavu. Lizungushieni mablanketi na maboksi bapa, mfunike na juu mkiacha upenyo wa hewa, na msibadilishe maji. Kobe hupumua kwa mapafu, kwa hiyo pampu ikisimama hatakosa pumzi kama samaki.

Kinachosahaulika ni siku umeme unaporudi. Chujio lililosimama siku nzima huwa limekufa ndani: bakteria wazuri wamekosa oksijeni, maji yaliyomo yananuka kama yai viza, na mkiliwasha bila kulisafisha mnamwagia kobe uchafu wote huo. Likoshweni kwanza. Halafu tazameni kama kipashio cha maji bado kimezama chote, kwa sababu mwaka fulani nilipunguza maji tangini ili niweze kulisogeza, nikasahau, umeme ukarudi usiku, na kioo cha kipashio kikapasuka asubuhi nilipoongeza maji.

Wale wanaosema "mwache alale usingizi wa kipupwe" nawaomba wawe waangalifu. Kobe wa nchi kavu wa Mediterania, Testudo hermanni, hulala vizuri kwenye nyuzi tano hivi, baada ya majuma kadhaa ya kutayarishwa na kuachishwa chakula. Kumwacha ghafla, tumbo likiwa limejaa, kwenye nyuzi 14 ni kumweka njia panda: pana joto kiasi cha kumfanya atumie akiba yake ya mwilini, wala hapana joto la kusaga alichokula.

Bandiko la 5: Mama_Vinyonga

Ndugu mleta uzi, nakupinga kwa heshima. Umezungumza kama kwamba watambaazi wote ni gekko. Kinyonga ukimtia ndani ya boksi lenye giza, akazungukwa na chupa, utamletea hofu itakayomdhoofisha kuliko baridi yenyewe. Wangu ni Trioceros jacksonii, yule dume mwenye pembe tatu ambaye asili yake ni nyanda za juu za Kenya, na kwao usiku wenye baridi ni jambo la kawaida kabisa. Nilimwacha kwenye kizimba chake cha wavu, juu ya tawi lake lile lile, nikafunika pande tatu kwa shuka nene na kukisogeza kizimba kwenye chumba cha katikati kisicho na ukuta wa nje. Chumba kilifika nyuzi 13. Asubuhi alikuwa na rangi nyeusi ubavu mmoja, ule aliouelekeza kwenye dirisha la korido ili anase mwanga, na kufikia saa nne alikuwa anatembea. Sikumnyunyizia maji jioni ile kama ilivyo desturi, ili asilale na mwili mbichi kwenye baridi, jambo ambalo ulipaswa kulitaja.

Bandiko la 6: Guruguru_Mpole

Dada, hoja yako nimeipokea yote. Boksi ni la wale wanaojificha kwa asili yao, kama gekko na nyoka, ambao giza finyu ni kwao nyumbani. Kwa kinyonga njia yako ni bora, isipokuwa awe wa aina ya pwani zenye joto au awe mtoto. Na la kunyunyizia ni kweli, lilinipita.

Bandiko la 7: Fundi_Betri

Wakuu, naona mmezungumzia maji moto kana kwamba betri hazijavumbuliwa. Naomba niweke hesabu, kwa sababu watu hununua vifaa kwa kutazama ukubwa wa kasha.

Ile UPS ndogo ya kompyuta, yaani kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, huwa na betri ya volti 12 na saa-ampea 7, yaani watisaa 84 kwenye karatasi. Ukiichomekea balbu ya seramiki ya wati 100, haitafikisha hata saa moja. Ukiichomekea mkeka wa joto wa wati 8, itakupeleka saa nyingi zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza si "betri yako ni kubwa kiasi gani?" bali "unataka kuwasha nini?" Taa na balbu za joto ni walafi, na joto lao jingi hupanda darini. Mkeka wa joto uliobandikwa chini ya chombo kidogo hutumia kidogo na hupeleka joto pale tumbo la mnyama lilipo.

Betri kubwa ya kubebeka yenye watisaa 500, ukitoa kinachopotea ndani ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), hubakiwa na kama 425. Mkeka wa wati 16 ungewaka humo saa 26 mfululizo, na ukitumia themostati inayouzima na kuuwasha, ndani ya boksi la stairofomu la mleta uzi, unaweza kupata siku mbili. Themostati msiiache kamwe: mkeka usiodhibitiwa ndani ya boksi lililofunikwa hupanda kupita kiasi. Tahadhari moja ni kwamba baadhi ya inveta za bei rahisi hutoa mawimbi ya umeme yasiyo laini, na zile themostati zinazopunguza nguvu ya kipashio kidogo kidogo badala ya kukizima huchanganyikiwa nazo, ama zikazima kabisa ama zikaachia moto wote. Zijaribuni mchana mmoja wa kawaida, kwa kuchomoa plagi ukutani na kukaa mkitazama kipimajoto kwa saa tatu. Nimeona mtu aliyegundua kwamba betri yake imekufa tangu mwaka uliopita, na aliligundua gizani.

Bandiko la 8: Mgeni_Mwenye_Nyoka

Samahanini kwa kuingilia mjadala. Umeme kwetu umekatika tangu jana jioni, nami nilikuwa safarini, nimefika sasa hivi. Nyoka wangu wa mahindi, wa miaka miwili, nimemkuta amejikunja pembeni ya bakuli la maji, amekakamaa, haonyeshi ulimi, na nikimgusa hasogei. Kipimajoto cha chumba kinasoma nyuzi 6. Nadhani amekufa. Je, kuna la kufanya?

Bandiko la 9: Guruguru_Mpole

Ndugu, usimzike wala usimtupe. Mtambaazi aliyepoa sana hufanana na maiti: moyo hupiga kwa nadra na pumzi huwa haionekani. Huko Florida baridi inapozidi, iguana wa kijani, wale mijusi wakubwa, hukakamaa na kuanguka kutoka mitini kama matunda, kiasi kwamba Januari 2020 ofisi ya utabiri wa hali ya hewa ya Miami iliwatahadharisha watu kuhusu iguana wanaoanguka, na wengi wao huamka jua likitoka. Mwaka uliofuata, katika baridi ile ile ya Texas niliyoitaja juu, maelfu ya kasa wa baharini waliokakamaa kwa baridi waliokotwa na watu wa kujitolea na kulazwa sakafuni katika ukumbi wa mikutano wa kisiwa cha South Padre hadi walipopata joto. Mnyama wa namna hii hahesabiwi kuwa amekufa mpaka awe amepashwa na bado hakuamka.

Fanya hivi sasa, bila haraka. Mwinue kwa mikono miwili ukishika mwili wote, umweke ndani ya foronya kavu. Kama una gari, liwashe likiwa nje kabisa ya gereji, lipashe hadi kama nyuzi 20, ukae naye humo. Kama huna, mweke kwenye foronya kifuani, juu ya fulana na ndani ya koti. Ngozi yako ina nyuzi kama 33, na kwa kupitia kitambaa joto hilo humfikia taratibu, ndivyo tunavyotaka. Usimweke juu ya chupa ya moto, wala mbele ya kipashio, wala kwenye maji. Mwili uliopoa hauwezi kusambaza joto kwa damu, hivyo ngozi huungua wakati viungo vya ndani bado ni baridi. Mpe saa mbili afike nyuzi 20, kisha saa nne nyingine afike 25 au 26. Kichwa chake kiinuke kidogo kuliko mwili. Usimtie maji mdomoni. Ukishamaliza kumshika nawa mikono kwa sabuni, maana watambaazi hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima, na watoto wadogo wasimshike.

Andika hapa kila baada ya saa moja, tuko pamoja.

Bandiko la 10: Kobe_Mkongwe

Niongeze kwamba hata akiamka, katika majuma mawili yajayo umtazame asipumue mdomo wazi, asitoe povu puani, wala asikae ameinua kichwa juu kama anayetafuta hewa. Ukiona mojawapo, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewafahamu watambaazi, kwa sababu nimonia ya baridi huja baadaye, watu wakiwa wamekwisha sahau.

Bandiko la 11: Mgeni_Mwenye_Nyoka

Saa ya kwanza: niko naye ndani ya koti. Hakuna badiliko, ila mkia si mgumu kama awali.

Bandiko la 12: Mama_Vinyonga

Mkia kulegea peke yake hakusemi lolote, lakini endelea. Usimfungue fungue kumtazama, kila ukifungua koti unamwaga joto.

Bandiko la 13: Mgeni_Mwenye_Nyoka

Saa ya tatu na dakika kumi. Nilikuwa nimesinzia kidogo nikahisi kitu kinanibana ubavuni, polepole sana, kama mtu anayekaza mkanda. Nimechungulia kwenye foronya. Ametoa ulimi mara moja, akaurudisha.

Bandiko la 14: Guruguru_Mpole

Usimpe chakula, ndugu. Bado saa tatu za koti.